Begi la Gofu na Ada ya Chuo

Tiger Woods aliposhinda Masters, moja ya mashindano makubwa ya gofu, Aprili 1997, akiwa na miaka 21 na akiwaacha wenzake kwa mikwaju 12, wakubwa wa gofu ya Marekani waliahidi makubwa. Mwaka huo huo taasisi zinazoendesha mchezo huo ziliungana kuanzisha First Tee, mpango wa kuwafikia watoto ambao hawakuwahi kushika fimbo ya gofu, na rais mstaafu George H. W. Bush akakubali kuwa mwenyekiti wake wa heshima. Matarajio yalikuwa kwamba kizazi kimoja kikipita, viwanja vitajaa akina Tiger. Karibu miaka thelathini imepita. Ukitaka kuwahesabu Wamarekani Weusi wanaocheza msimu mzima wa PGA Tour, mashindano makuu ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, vidole vya mkono mmoja vinatosha na vingine vinabaki. Katika miaka ya 1970, Tiger akiwa hajazaliwa au akiwa bado anatambaa, walikuwa wengi zaidi.

Wakosoaji huchukua habari hiyo kuwa ushahidi kwamba fedha zote zile zilipotea bure. Watetezi nao hujibu kwa picha za watoto wenye kofia na tabasamu. Pande zote mbili zinanichosha. Kumtafuta Tiger mwingine ni shida ya wauza matangazo ya televisheni. Kijana mweusi wa Chicago au Mlatino wa Phoenix anamhitaji mtu wa kumlipia chuo, na gofu ya Marekani imekuwa na njia ya kufanya hivyo tangu mwaka 1930. Njia hiyo haimuulizi kijana ana kipaji gani. Inamuuliza kama anaweza kubeba begi zito la fimbo mashimo 18, yaani mzunguko mzima wa uwanja, na kesho yake akarudi.

Ili kuielewa, lazima kwanza tujue wachezaji Weusi wa Marekani wa miaka ile ya 1960 na 1970 walitoka wapi.

Kwa miongo kadhaa chama cha wachezaji wa kulipwa, PGA of America, kilikuwa na kifungu cha katiba kilichotaka wanachama wake wawe wazungu tu. Kifungu hicho kiliondolewa Novemba 1961, na hakikuondolewa kwa moyo mweupe: mwanasheria mkuu wa California alikuwa ameshatishia kuwazuia kufanya mashindano katika viwanja vya umma vya jimbo lake. Charlie Sifford, aliyeipigania nafasi hiyo miaka mingi, alikuwa na miaka 39 mlango ulipofunguka. Bado alishinda mashindano ya Hartford mwaka 1967 na ya Los Angeles mwaka 1969. Lee Elder akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kucheza Masters, mwaka 1975. Pete Brown alikuwa ameshashinda shindano rasmi mwaka 1964. Jim Dent alikuwa akiupiga mpira mbali kuliko karibu kila mtu wa zama zake.

Watu hawa wanne wana jambo moja linalowaunganisha mbali na rangi. Wote walianza wakiwa makedi, wavulana wa kubeba mabegi ya fimbo: Sifford huko Charlotte, Brown Mississippi, na Dent nyumbani kwao Augusta, kwenye klabu ile ile ya Masters ambako hadi mwaka 1982 wachezaji wote walilazimika kutumia makedi wa klabu, nao makedi hao walikuwa weusi. Ubaguzi uliowakataza kucheza ulikuwa unawahitaji wawepo. Wakiwa wanabeba, waliona namna mkono unavyokaa kwenye fimbo, wakajifunza kusoma mteremko wa grini, nyasi fupi zinazozunguka shimo, na katika klabu nyingi waliruhusiwa kucheza Jumatatu, siku ambayo wanachama hawapo. Hakuna aliyeuita utaratibu huo mpango wa kuwainua vijana. Ulikuwa unyonyaji, na hata hivyo ulitoa wachezaji.

Kisha kikaja kigari cha umeme.

Kuanzia miaka ya 1950 na kuendelea, vigari vilienea kwenye viwanja vya Marekani, na hesabu yake ni rahisi kiasi cha kuudhi. Mwanachama akimchukua kedi, malipo yanaingia mfukoni mwa kijana. Akikodi kigari, malipo yanaingia kwenye daftari la klabu. Kigari hakichelewi, hakiugui, hakihitaji mtu wa kukifundisha adabu. Hakuna kikao kilichokaa na kuazimia kuwafungia vijana weusi njia. Wahasibu walifanya kazi yao tu. Mwaka hadi mwaka uwanja mmoja baada ya mwingine ulifunga kibanda cha makedi, na mlango wa nyuma ambao Sifford na Elder waliupitia ukazibwa hapo hapo ambapo mlango wa mbele ulikuwa unafunguliwa kisheria.

Tiger hakupita mlango wowote kati ya hiyo. Alipita kwa baba yake, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa na haki ya kucheza kwenye uwanja wa jeshi kusini mwa California, aliyemkabidhi fimbo mtoto kabla hajajua kusema vizuri. Ni hadithi ya wazazi wawili waliowekeza kila walichokuwa nacho kwa mtoto mmoja. Ukitaka kuigeuza kuwa sera ya kuhudumia watoto laki moja, itakushinda, kwa sababu kiungo chake kikuu hakigawiki. Hapo ndipo First Tee na wenzake walipojikwaa tangu mwanzo: walivutiwa na mtu mmoja wa ajabu, wakajenga mpango wa kuzalisha watu wa ajabu.

Turudi mwaka 1930. Charles Evans, ambaye Wamarekani humwita Chick, alikuwa kedi wa Chicago aliyekua akawa bingwa. Mwaka 1916 alishinda U.S. Open, ubingwa wa Marekani ulio wazi kwa wote, na U.S. Amateur, ule wa wachezaji wa ridhaa, zote mbili katika mwaka mmoja. Alicheza kama mchezaji wa ridhaa maisha yake yote, na sheria za ridhaa zilimkataza kupokea fedha zitokanazo na jina lake la gofu. Aliporekodi santuri za kufundisha mchezo na mapato yakaanza kuingia, ikawa taabu: akizichukua anapoteza hadhi yake. Mama yake akashauri fedha hizo ziwasomeshe makedi. Evans mwenyewe alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Northwestern na akaacha kwa kukosa uwezo, kwa hiyo ushauri ule uligusa palipouma. Chama cha gofu cha Western Golf Association kikakubali kuusimamia mfuko huo, na mwaka 1930 makedi wawili wakaingia Northwestern kwa fedha zake.

Leo wahitimu wa mfuko huo, wanaoitwa Evans Scholars, wamepita 12,000. Mfuko hulipa ada yote na malazi kwa miaka minne katika vyuo vikuu kadhaa, vingi vikiwa majimbo ya kati ya Marekani, na kwenye baadhi ya vyuo hivyo wanufaika wanaishi pamoja kwenye nyumba yao. Fedha zinatoka kwa wanachama wa klabu wanaochangia kila mwaka, kwa wahitimu wenyewe, na tangu 2007 kwa mapato ya BMW Championship, moja ya mashindano makubwa ya kufungia msimu wa PGA Tour. Anayeomba huangaliwa mambo manne: rekodi yake ya kubeba mabegi, alama zake shuleni, hali ya kifedha ya nyumbani, na mwenendo. Mkwaju wake haupimwi. Yupo aliyemaliza chuo kwa gofu na hajawahi kumaliza mashimo 18 kwa alama ya kueleweka.

Naupenda mpangilio huu kwa sababu unamlipa kijana mara tatu. Analipwa siku ile ile, fedha taslimu, na kwa familia yenye kuhesabu senti hilo si dogo. Mipango mingi ya hisani humtaka kijana maskini aache kazi ya Jumamosi aje ajifunze "uongozi". Analipwa tena kwa ada ya chuo. Malipo ya tatu hayaandikwi kwenye risiti: anatembea saa nne na daktari, jaji, mwenye kampuni, mtu anayeteua na kufukuza, na anamsikia anavyozungumza akiwa na hasira kwa mpira uliozama kwenye bwawa. Kijana wa tabaka la juu hupata elimu hiyo mezani kwao. Huyu anaipata akiwa kazini, na mwisho wa siku yule mwenye kampuni analijua jina lake na kama anafika kwa wakati.

Lakini tusiupambe. Klabu zenye makedi ziko vitongojini, kwenye miti mirefu na nyumba zenye nyasi za kukatwa kila Alhamisi, na basi la jiji haliendi huko. Mfuko usio na ubaguzi wowote kwenye karatasi unaweza kuwa na wanufaika wanaofanana kwa sababu tu waombaji wanapaswa kuishi umbali wa baiskeli kutoka klabu. Kijana mweusi wa kusini mwa Chicago hakunyimwa fomu. Alinyimwa usafiri wa saa kumi na mbili asubuhi. Western Golf Association ililiona tatizo hili likiwa limechelewa sana, ila ilipoliona ilifanya jambo la maana: mwaka 2012 ilianzisha chuo cha makedi kwa wasichana, ambacho huwachukua kiangazi, huwapa mahali pa kulala karibu na klabu za kaskazini mwa Chicago, na kuwapa kazi. Mtu anaweza kudhani malazi ni jambo la pembeni. Ndilo lililokuwa linawazuia.

Hapa nataka kusema neno kuhusu maadili, maana kila ripoti ya mipango hii imejaa maadili. First Tee ilianza na tunu tisa: uaminifu, heshima, uvumilivu, kujiamini na nyingine za aina hiyo, na kila somo la kupiga mpira liliambatanishwa na mojawapo. Sina ugomvi na uvumilivu. Ninachohoji ni picha iliyo nyuma yake, kwamba mtoto wa mtaa maskini anapungukiwa tabia njema na gofu, mchezo ambao wenyewe uliandika ubaguzi kwenye katiba yake, ndio utakaomfundisha. Bibi zao waliwalea vizuri. Kilichokosekana ni fedha na anwani.

Na tatizo la First Tee si nia. Ni mpango mpana sana na mwembamba sana. Unafika kwenye shule nyingi, unagawa fimbo za plastiki, unamfurahisha mtoto wa miaka tisa kwa wiki chache. Halafu mtoto anafika miaka 13. Kama ana kipaji, sasa anahitaji uwanja halisi kila siku, mwalimu, viatu vinavyobadilika kila baada ya miezi michache, na mashindano ya kusafiri. Makocha wa vyuo hutafuta wachezaji kwenye mashindano ya American Junior Golf Association, chama cha gofu ya vijana, na mashindano hayo yako Texas wiki hii, Florida wiki ijayo, na mzazi lazima awe na likizo, gari na kadi ya benki isiyokataa. Chama hicho kina mfuko wake wa kuwalipia gharama watoto wa familia zisizojiweza, na ni mfuko mzuri, lakini humfikia aliyekwisha kufika. Kati ya miaka 9 na 15 ndipo vijana wa jamii za wachache wanapopotea, na ndipo fedha zilipo chache kuliko kote, kwa sababu kijana wa miaka 13 hapendezi kwenye kalenda ya wafadhili kama mtoto mwenye pengo la meno, wala hana shahada ya kupiga nayo picha.

Harold Varner III, mmoja wa Wamarekani Weusi wachache waliofika kileleni baada ya Tiger, amesimulia mara nyingi jinsi alivyopita kwenye miaka hiyo. Huko Gastonia, North Carolina, uwanja wa manispaa ulikuwa na uanachama wa watoto wa dola 100, na kwa dola hizo alicheza kiangazi kizima, kuanzia asubuhi mpaka giza. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha East Carolina. Hakuna tunu tisa hapo, hakuna bango. Kulikuwa na halmashauri ya mji iliyokubali kumuuzia mtoto wa mtu wa kawaida uwanja kwa bei anayoiweza. Shirika la Youth on Course, lililoanzia kaskazini mwa California mwaka 2006, linafanya jambo hilo hilo kwa mapana: kijana hulipa dola 5 au pungufu kwa mzunguko, na shirika humfidia mwenye uwanja. Wanaotoa hotuba kuhusu kupanua mchezo wangeanza na kuokoa viwanja vya manispaa, ambavyo kila bajeti ya jiji inapobana huwa vya kwanza kutazamwa kwa jicho la kuuzwa.

Sasa tuseme kijana amevuka yote hayo, anacheza vizuri, na anatafuta ufadhili wa mchezaji. Wazazi wengi hudhani hapo ndipo penye fedha. Hadi mabadiliko ya mwaka 2025, timu ya gofu ya wanaume ya daraja la juu la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, iliruhusiwa kugawa ufadhili kamili wa watu wanne na nusu tu, na kocha aliukatakata kwa wachezaji wanane au tisa. Timu ya wanawake ilikuwa na sita. Kwa hiyo yule "mwenye ufadhili wa gofu" unayemsikia kanisani mara nyingi alipewa robo au theluthi ya gharama, na nyumbani wakatafuta iliyobaki. Makubaliano ya mahakamani ya Juni 2025 yaliondoa ukomo huo kwa vyuo vilivyokubali kuwalipa wanamichezo, na kuweka ukomo wa wachezaji tisa kwa timu ya gofu badala yake. Kwa maneno chuo sasa kinaweza kuwafadhili wote tisa kikamilifu. Kwa vitendo fedha za wanamichezo zinakwenda kwanza kwa futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu, na sioni mkurugenzi wa michezo atakayemnyima mchezaji wa kikapu ili ampe wa gofu.

Wasichana wana nafuu kidogo. Sheria ya mwaka 1972 inayotaka usawa wa kijinsia kwenye vyuo vinavyopokea fedha za serikali ilizaa timu nyingi za wanawake, na msichana mweusi anayecheza vizuri anatafutwa. Mariah Stackhouse, aliyekulia Georgia, aliisaidia Stanford kuchukua ubingwa wa taifa wa vyuo mwaka 2015 kabla ya kwenda LPGA, mashindano ya wanawake wa kulipwa. Lakini hata yeye baba yake alianza kumfundisha akiwa mdogo sana. Tunarudi pale pale pa mzazi.

Vipo vyuo vya kihistoria vya Wamarekani Weusi, na watu husema: si wapeleke vijana huko? Mwaka 2019 Stephen Curry, nyota wa mpira wa kikapu, alitangaza kwamba angeigharimia timu ya gofu ya Chuo Kikuu cha Howard kwa miaka sita, baada ya mwanafunzi mmoja kumfuata na kumweleza kuwa chuo hakina timu. Tangazo lilitolewa kwenye uwanja wa Langston, Washington, uliofunguliwa mwaka 1939 kwa ajili ya weusi wakati wa ubaguzi. Ni jambo zuri na sitalibeza. Ila ni fedha za mtu mmoja kwa chuo kimoja. Vyuo vingi vya aina hiyo vina bajeti ndogo ya gofu, na kwenye baadhi yao kocha anayetakiwa kushinda huwasajili wazungu na wageni kutoka nje waliokwisha kufundishwa kwa gharama ya wazazi wao. Unaweza kumkuta mzungu amevaa sare ya chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watoto wa watumwa, akisomeshwa na mfuko uliotafutwa kwa jina la vijana weusi. Simlaumu kijana huyo, wala kocha. Lawama inarudi kwenye ile miaka ya 9 hadi 15: kama hujaandaa mchezaji mweusi wa miaka 17, hutamsajili.

Kuna mtu aliyeliona hili mapema. Bill Dickey, Mmarekani Mweusi wa Phoenix, alianzisha mwaka 1984 chama cha kuwafadhili masomo vijana wa jamii za wachache wanaocheza gofu, miaka 13 kabla ya Masters ya Tiger na kabla kampuni kubwa hazijaona faida ya kupiga picha na vijana hao. Alikusanya fedha kwa mashindano ya wachezaji weusi wa ridhaa, watu wa kawaida waliochangishana, na hadi anafariki mwaka 2012 vijana wengi walikuwa na shahada kwa sababu yake. Wengi wao hawakuwahi kuwa wachezaji wa kulipwa. Hakuona aibu kwa hilo. Shahada ndiyo iliyokuwa lengo.

Mfuko wa namna ile leo ungekuwa na mwanasheria kabla ya kuwa na mhazini. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza vyuo kutumia rangi ya mwombaji katika udahili, na ingawa hukumu ilihusu udahili, ufadhili uliotaja rangi nao uliingia hatarini. Vyuo na mashirika mengi yamefuta neno "weusi" au "wachache" kwenye masharti yao na kuandika "wenye uhitaji" au "walio kizazi cha kwanza kwenda chuo". Unaweza kuikasirikia hukumu, nami ninaikasirikia: mchezo uliobagua kwa rangi hadi 1961 unaambiwa usirekebishe kwa rangi. Lakini hasira haitalipa ada ya Septemba. Inabidi kuuliza ni ufadhili wa aina gani unaosimama mbele ya jaji, na jibu ni ule unaotazama kazi, uhitaji na mahali mtu anapoishi.

Mahali. Hapo Atlanta ina la kutufundisha, zuri na baya. Klabu ya East Lake, alikojifunzia bingwa wa zamani Bobby Jones, ilipakana tangu mwaka 1970 na makazi ya umma ya East Lake Meadows, nyumba 650, yaliyooza kwa kutelekezwa na serikali na kutawaliwa na wauza dawa. Katikati ya miaka ya 1990 tajiri wa majengo Tom Cousins alinunua klabu iliyokuwa hoi, akaialika mikampuni kuwa wanachama kwa sharti la kuchangia wakfu wa mtaa, na makazi yale yakabomolewa. Mahali pake pakajengwa nyumba 542, nusu zikiwa za ruzuku. Mwaka 2000 ikafunguliwa Drew Charter School, shule ya umma inayojiendesha, na gofu ikawa sehemu ya masomo yake, viwanja vikiwa umbali wa kutembea. Mwaka 2019 timu ya wavulana ya Drew ilitwaa ubingwa wa jimbo la Georgia katika daraja lake, timu ya kwanza yenye wachezaji weusi watupu kufanya hivyo.

Hesabu kidogo inaharibu sherehe. Nusu ya 542 ni 271. Waliokuwa wapangaji wa zile nyumba 650 wengi hawakurudi. Walitawanyika kwingine Atlanta, na watoto wao hawakusoma Drew. Mtaa uliokolewa, wenyeji wake wengi hawakuokolewa. Hata hivyo, somo kuhusu gofu ninalichukua: mtoto wa Drew hakuvunwa kwa wiki tatu za kiangazi. Alikuwa na uwanja jirani tangu chekechea hadi kidato cha mwisho, mwalimu yule yule, na shule iliyomdai alama. Ile miaka ya kupotelea ilizibwa kwa sababu hakuwa na mahali pa kupotelea.

Jambo hili linawahusu moja kwa moja baadhi ya wasomaji wa Kiswahili. Zipo familia za Wakongomani, Wakenya na Watanzania huko Columbus, Minneapolis na Chicago, na Ohio State na Minnesota vimo kwenye orodha ya vyuo vya Evans. Mama anafanya zamu mbili kwenye nyumba ya wazee, baba anaendesha lori, mtoto ana alama nzuri na ana miaka 14. Wazazi watamsukuma kwenye soka, wanalolijua, na gofu wataiona ya wazee wa kizungu. Wasichoambiwa ni kwamba anayebeba mabegi kwa angalau miaka miwili, mwenye alama za juu na nyumba isiyojiweza, anaweza kuomba ufadhili kamili bila kujua kupiga mpira. Kwetu neno kedi lina sura nyingine. Nairobi kedi ni mtu mzima, ana watoto, anasubiri zamu yake tangu alfajiri, na ingawa baadhi ya wachezaji wa kulipwa wa Kenya walianzia hapo, hakuna chuo kikuu mwisho wa uwanja. Naelewa basi mzazi akikataa kumpeleka mwanawe Mmarekani akabebe begi la mzungu. Ila aulize kwanza.

Kwa wenye klabu sina subira kiasi hicho. Mashindano ya kulipwa ya Marekani hujigamba kwa mamilioni yanayotolewa kwa hisani kila mwaka, na sehemu yake huishia kwenye hafla, mabango na fimbo za plastiki. Klabu yenye mashimo 18 na vigari themanini inaweza, kwa azimio la kikao kimoja, kuviweka kando vigari Jumamosi na Jumapili kwa wanachama walio chini ya miaka sitini, kukodi basi dogo la kuwachukua vijana ishirini kutoka mitaa isiyo na usafiri, na kujiunga na mfuko wa makedi kama wa Evans au ule wa Francis Ouimet, ambao Massachusetts imekuwa nao tangu 1949. Gharama yake ni mapato ya kukodisha vigari siku mbili kwa wiki. Klabu ikisema haiwezi, iulizwe vigari hivyo vinaiingizia kiasi gani, na jibu liwekwe ukurasa mmoja na ripoti yake ya hisani.